Fomu zasema walivua, bahari yasema hawakutoka: mpika data afungwe au aachishwe kazi tu?

Mwana wa Mvita
Asalaam aleikum wana uzi. Nina jambo limenikaa kifuani miaka, leo nalitoa.

Nlikuwa karani wa kuingiza data kwenye mradi wa utafiti wa samaki, pesa za serikali. Ofisi siitaji. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu kutoka kwenye madiko ya kusini, kila fomu ina tarehe, jina la chombo, mtego, aina ya samaki na uzito, nami naziingiza kwenye kompyuta. Zikaja fomu za Julai. Mnaijua Julai. Kusi limeshika, mawimbi yanapanda hadi kwenye minazi, mashua zimevutwa juu zimefunikwa makuti. Mjomba wangu ni mvuvi wa huko huko na wiki ile alikuwa nyumbani siku tisa mfululizo, anatengeneza malema. Nilikula naye.

Fomu zilisema nini? Tafi kilo 38. Kesho yake tafi kilo 36. Kesho kutwa 37. Changu 22, 21, 23. Siku zote tisa, chombo cha mjomba kimo.

Nikamwendea msimamizi na fomu mkononi. Akaniambia, "Ingiza, muda wa ripoti umekwisha." Nikaingiza. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba vidole vilivyoingiza ni vyangu.

Mwaka uliofuata wavuvi wakaomba kusaidiwa miezi ya kusi, wapewe hata unga. Wakajibiwa kwamba kwa mujibu wa utafiti, mavuno ya kusi na ya kaskazi hayatofautiani sana. Mjomba aliniuliza, "Huo utafiti ulifanywa bahari gani?" Sikuwa na jibu.

Sasa nauliza. Mtu anayepika data za utafiti unaolipiwa na kodi yetu, afungwe jela au afukuzwe kazi yaishe? Na kwa nini hasa watu hufanya hivi?

Binti wa Tudor
Waleikum salaam. Pole sana kaka. Jela, moja kwa moja. Si jambo geni duniani. Marekani kuna profesa Eric Poehlman wa chuo kikuu cha Vermont, alikuwa akitafiti unene na uzee. Alitia data za uongo kwenye maombi 17 ya fedha za serikali, na zikampatia karibu dola milioni 3. 2006 akahukumiwa mwaka mmoja na siku moja gerezani. Wa kwanza kule kufungwa kwa kosa hilo. Na unajua nani aliyemfichua? Kijana fundi wa maabara, Walter DeNino. Aliona takwimu za mafuta ya damu zimegeuzwa: zilizopanda zimeshushwa, zilizoshuka zimepandishwa, ili zifuate nadharia ya mkubwa. Kijana wa meza kama wewe, tena alimheshimu yule profesa.

Nahodha Likoni
Siku moja ya nini tena? Hakimu aliona mwaka hautoshi?

Wakili wa Makadara
@Nahodha Likoni hapana, ni kinyume chake. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mfungwa hupunguziwa muda kwa tabia njema ikiwa kifungo kimezidi mwaka. Mwaka kamili haupunguzwi. Kwa hiyo hiyo siku moja ya ziada humtoa mapema.

Nahodha Likoni
Subhanallah. Kumbe siku moja ni zawadi.

Karani Mstaafu
Binti wa Tudor, wewe umekwenda Vermont, hebu rudi Mikindani kwanza.

Nimefanya kazi ya kuhoji watu nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi. Hulipwi kwa siku. Walipwa kwa fomu. Fomu ina kurasa kumi na nne na mwenye nyumba hana muda, ana maji ya kuchota na watoto wa kulisha. Saa nzima unaulizia choo, maji, mapato, magonjwa. Ukimaliza unakwenda nyumba ya pili, mlango umefungwa. Ya tatu, mbwa. Jioni una fomu tatu na nauli ya kwenda na kurudi umejitolea mwenyewe. Lengo uliloandikiwa ni nane kwa siku. Aliyeweka nane hajawahi kupanda kilima cha Mikindani saa saba mchana.

Nami nasema kweli mbele yenu. Nimewahi kukaa chini ya mwembe nikajaza mbili za mwisho kutoka kichwani. Si mara moja. Mama yangu alikuwa amelazwa na mimi nilihitaji zile pesa. Sijawahi kuwa na amani nazo. Lakini ukiniambia jela, nitakuuliza: na yule aliyeandika nane?

Binti wa Tudor
Mzee Karani, nakuheshimu kwa kusema, na mama Mungu amrehemu kama ametangulia. Lakini zile fomu mbili za mwembe zilikuwa nyumba za watu. Pengine moja ilikuwa na mtoto mwenye utapiamlo. Hakuhesabiwa.

Karani Mstaafu
Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikuzisahau.

Mwalimu wa Hesabu
Kuna njia za kuwagundua na watafiti wengi hawazijui. Namba zina tabia. Iko kanuni ya Benford: kwenye takwimu nyingi za asili, tarakimu ya kwanza huwa 1 kiasi cha asilimia 30, na huwa 9 chini ya asilimia 5. Mtu anayebuni hugawa sawasawa kwa sababu akili yake inadhani haki ndiyo uhalisi. Fomu za Mwana wa Mvita zingepitishwa kwenye kanuni hiyo zingeanguka mara moja.

Mhesabu Mbu
Mwalimu, samahani, hapo umeteleza. Benford inataka namba zinazotawanyika mbali, kutoka makumi hadi malaki, mfano idadi ya watu wa miji au hesabu za fedha. Uzito wa tafi wa chombo kimoja hauwezi kufuata kanuni hiyo hata ukiwa wa kweli kabisa. Ungewatia hatiani wasio na kosa.

Cha kutazama ni mtawanyiko. Mimi nimefanya kazi ya mitego ya mbu, ile ya taa unayoitundika chumbani jioni na kuihesabu asubuhi. Data ya kweli ya mbu ni mbaya kuitazama. Sifuri, sifuri, sifuri, moja, sifuri, halafu nyumba moja karibu na kidimbwi mia na arobaini. Anayepika huandika tatu, tano, nne, sita, nne. Anaogopa sifuri kwa kuwa anadhani msimamizi atasema hakufanya kazi. Na anaogopa mia na arobaini kwa kuwa anadhani hataaminiwa. Tafi 38, 36, 37 ni ugonjwa huo huo. Bahari haigawi kwa mizani namna ile.

Mwalimu wa Hesabu
Nimekubali kuhusu Benford, ahsante. Niliisoma kwenye mambo ya ukaguzi wa fedha nikaihamisha bila kupima.

Mama Swafi wa Mtongwe
Mnazungumza juu ya wanaohoji. Sisi tunaohojiwa hamtuulizi. Mwaka mmoja walikuja kwangu makundi manne. Mmoja wa maji, mmoja wa chandarua, mmoja wa uzazi, wa nne sikujua wa nini. Kila mmoja aniuliza kwangu naingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Wa kwanza nilimwambia kweli. Wa pili nilimwambia nusu, nikidhani wale wenye nusu ndio hupewa. Wa nne nilimwambia chochote ili aondoke, mchuzi unaungua. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutwambia walipata nini. Sasa hiyo data imepikwa na nani, ni mimi au ni yeye?

Nahodha Likoni
Mama Swafi hapo amefunga goli.

Wakili wa Makadara
Kisheria kuna tofauti, mama. Wewe hukuapa na hukulipwa. Anayelipwa kuandika alichosikia akaandika asichosikia, huyo ndiye mwenye kosa. Lakini kwa msomaji wa ripoti uongo wote ni mmoja, hapo nakubaliana nawe.

Mtoto wa Bara
Mimi ni wa huku Changamwe lakini kwetu ni bara. Mmesahau sensa ya 2009? Agosti 2010 serikali yenyewe ilikataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini, kwenye maeneo ya Mandera, Wajir, Garissa na Turkana, kwa sababu watu waliongezeka kuliko vile uzazi na vifo vinaweza kueleza. Huko haikuwa karani na mwembe. Huko ilikuwa ni pesa za serikali na viti vya bunge.

Mwalimu wa Hesabu
Hapo tutenganishe. Sensa si utafiti wa sayansi, na wenyeji wa wilaya zile walikuwa na maelezo yao: wafugaji huhama, na sensa za zamani huenda ziliwaacha wengi. Hesabu kubwa ghafla ni dalili. Ushahidi wa kupika ni jambo lingine.

Mtoto wa Bara
Sawa mwalimu, lakini kiini ni hicho hicho. Namba ikigeuka pesa, watu wataifuga kama ng'ombe.

Mzee wa Kuze
Vijana mnaizungumza kama kwamba imeanza jana. 1990 tulitangaziwa dawa ya Ukimwi hapa hapa Kenya, Kemron, rais akiwepo. Dunia nzima ilitutazama. Watu walikuja kutoka nchi za nje kuifuata. Iko wapi leo? Huo nao ulikuwa upishi.

Mhesabu Mbu
Mzee wangu shikamoo. Hilo nisingeliita upishi. Matokeo ya kwanza yalitoka kwa wagonjwa wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio ya baadaye, yaliyopangwa vizuri zaidi, hayakuona faida. Haraka na tamaa ya kushangilia mapema ni kosa, tena limeumiza watu wengi waliokuwa wakisubiri. Lakini mwenye haraka ameamini alichokiona. Mpishi anajua hakukiona.

Mzee wa Kuze
Marahaba. Kwa mgonjwa aliyetumaini, tofauti hiyo ni ipi?

Binti wa Tudor
Mzee ameuliza swali zito na mimi sina la kumjibu. Ila kuna kesi ya Ukimwi ambayo haina shaka. Dong-Pyou Han, chuo kikuu cha jimbo la Iowa. Walikuwa wanajaribu chanjo kwa sungura. Akatia kingamwili za binadamu kwenye damu ya sungura ili chanjo ionekane inafanya kazi. Pesa za serikali zikamiminika kwa miaka. 2015 akahukumiwa miezi 57 gerezani na kulipa dola milioni 7.2. Fikirieni ni maabara ngapi ziliacha njia zao zikaifuata ile. Hapa Pwani tumezika wangapi katika miaka hiyo?

Jirani wa Kongowea
Na yule Mkorea wa kuumba binadamu kutoka kwenye chembe, naye si alifungwa?

Wakili wa Makadara
Hwang Woo-suk. Hakukaa gerezani. Makala zake mbili za 2004 na 2005 zilifutwa Januari 2006, na 2009 mahakama ikampa kifungo cha nje. Na angalieni alipatikana na hatia ya nini: kufuja fedha za utafiti, na suala la mayai ya wanawake. Shtaka la ulaghai lenyewe halikusimama. Mahakama nyingi zinajua kuhesabu shilingi iliyopotea. Kuhesabu ukweli uliopotea hazijui. Hata Poehlman alinaswa kwa maombi ya fedha.

Jirani wa Kongowea
Kwa hiyo yote yalikuwa uongo, hata yule mbwa aliyesema kamtengeneza kwa nakala ya mbwa mwingine?

Wakili wa Makadara
Mbwa Snuppy alichunguzwa na ikaonekana ni nakala ya kweli. Ndiyo sababu kesi yake iliwavuruga watu, alikuwa na uwezo.

Nahodha Likoni
Turudi kwa kusi jamani. Mwana wa Mvita asema Julai mashua hazitoki kabisa. Sisi wa Likoni twatoka hata Julai, twavua ndani ya mwamba. Pengine ni wavuvi wa kwenu wenye uoga 😄

Mwana wa Mvita
Nahodha, ndani ya mwamba mtu hutoka, sikatai, na mtumbwi hutoka. Fomu ziliandika mashua na jarife, ule wavu mkubwa wa bahari ya nje. Utatega jarife nje Julai wewe?

Nahodha Likoni
Jarife nje? Hapana. Hapo umenishika.

Mwanafunzi Mtwapa
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Hakuna aliyetutaja sisi. Tasnifu yangu ya uzamili ilianza na makala moja ambayo kila mtu aliinukuu. Nikapewa niendeleze kuanzia hapo. Mwaka na nusu nilirudia jaribio lile, halijibu. Nikadhani ni mikono yangu. Nikabadilisha vifaa, nikalala maabara, nikamkopa baba pesa ya kemikali. Siku moja mtu kwenye mkutano akaniambia taratibu, "Ile haijawahi kujibu kwa yeyote." Kila mtu alijua na hakuna aliyeiandika. Sijui kama ilipikwa, siwezi kumtuhumu mtu. Najua tu mwaka na nusu umekwenda.

Uholanzi, profesa wa saikolojia Diederik Stapel aliwapa wanafunzi wake wa uzamivu data alizojitungia nyumbani, nao wakaandikia tasnifu bila kujua. Makala zake 58 zimefutwa. Adhabu yake ikawa saa 120 za kazi ya jamii. Nimepiga hesabu: ni siku kumi na tano za kazi.

Binti wa Tudor
Siku kumi na tano! Na bado mwaniambia jela ni kali?

Karani Mstaafu
Pole mwanafunzi. Hii yako imeniumiza kuliko zote.

Mhesabu Mbu
Mimi naona tatizo ni kwamba hakuna anayerudi nyuma kuangalia. Mradi mzuri hutuma mtu mwingine arudie nyumba kadhaa, aulize maswali matano tu. Siku hizi twatumia simu na tableti, programu inarekodi saa na mahali. Fomu kumi zilizojazwa kwa dakika nne nne mahali pamoja zinajisema zenyewe.

Karani Mstaafu
Mwanangu, mjanja atakwenda kukaa chini ya mwembe wa kijiji kile kile, na ataacha saa ipite. Teknolojia itambadilishia mwembe tu. Lipeni watu kwa siku, na lengo liwekwe na aliyetembea.

Mtoto wa Bara
Na huyo msimamizi aliyesema "ingiza" alilipwa kwa fomu? Alikuwa na mshahara na gari. Hoja ya njaa haimfikii.

Karani Mstaafu
Huyo simtetei.

Wakili wa Makadara
Kuna njia ambayo hatujaigusa: kumlipa anayefichua. Marekani wana sheria ya tangu 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, dhidi ya wanaoilaghai serikali. Raia anaweza kushtaki kwa niaba ya serikali na akapata fungu. Chuo kikuu cha Duke kililipa dola milioni 112.5 mwaka 2019 kumaliza kesi ya data za mapafu ya panya zilizoghushiwa. Aliyefichua, Joseph Thomas, naye alikuwa mfanyakazi wa maabara, alipata dola milioni 33.75. Sisi sheria yetu ya 2003 ya kupambana na ufisadi ina kifungu cha kumlinda mtoa habari, lakini fungu hapana. Na ile ya sayansi ya 2013 imetilia mkazo leseni: ukitafiti bila kibali ni kosa.

Mama Swafi wa Mtongwe
Milioni hizo zote kwa mtu mmoja! Basi kesho kila karani atamshtaki mkubwa wake kwa tamaa.

Mwana wa Mvita
Mama, miaka ile mtu angeniambia nitalindwa tu nisifukuzwe, bila shilingi, ningesema. Nilikuwa na kodi ya nyumba Kisauni na mtoto mchanga. Nawashukuru nyote. Sijapata jibu moja, na naona mzee Karani na Binti wa Tudor wote wana haki, na hilo limenichanganya zaidi kuliko nilivyoanza.

Mhesabu Mbu
@Mwana wa Mvita zile fomu za karatasi zipo bado?

Mwana wa Mvita
Hapana. Ofisi ilihama, zikatupwa. Kilichobaki ni ripoti.

Mhesabu Mbu
Na mjomba? Wavuvi wengine huandika.

Mwana wa Mvita
Subhanallah, hilo sikulifikiria kabisa. Mjomba ana madaftari. Huandika kila siku alichovua na alichouza, kwa sababu ya kugawana na mwenye chombo. Siku asipotoka huandika "upepo". Nimempigia simu sasa hivi. Asema anayo ya miaka kumi na moja, kwenye sanduku la mbao, mawili yameliwa na mchwa pembeni.

Nahodha Likoni
Baba yangu naye alikuwa nayo. Nitatafuta.

Mhesabu Mbu
Usiyafute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Yapige picha kurasa kwa kurasa kwanza, mwanga wa dirishani, pamoja na zile zilizoandikwa "upepo" tu. Hizo hasa ndizo ninazozitaka. Mimi nipo Jumamosi baada ya alasiri.

Mwanafunzi Mtwapa
Nami nakuja kusaidia kuingiza.

Mama Swafi wa Mtongwe
Muulizeni mzee ruhusa kwanza, msichukue tu. Na mkimaliza rudini mkamwambie mmeona nini.